Glacier Bay au Kenai Fjords: Ulinganisho wa Hifadhi Mbili za Milima na Barafu katika Pwani ya Alaska

Anayetaka kuona mlima ukishusha barafu yake hadi baharini halazimiki kwenda Antaktika, kwa kuwa pwani ya kusini mwa Alaska ina hifadhi mbili za taifa zinazoonyesha jambo hilo kwa ukaribu ambao msafiri wa kawaida anaweza kuufikia: Glacier Bay, iliyo magharibi mwa mji wa Juneau, na Kenai Fjords, inayopakana na mji mdogo wa Seward. Zote mbili zilipewa hadhi ya hifadhi ya taifa siku moja, tarehe 2 Desemba 1980, zote hazitozi kiingilio, na zote hupokea wageni wengi kati ya mwisho wa Mei na mwanzo wa Septemba. Kwa sababu hiyo watu wengi huzichukulia kuwa kitu kimoja chenye majina mawili na kuchagua kwa kuangalia nauli peke yake. Matokeo yake ni kwamba aliyetamani vilele virefu hujikuta mahali ambapo milima imefunikwa na barafu karibu hadi utosini, na aliyetamani kuifuata barafu kwa miguu yake hujikuta melini kutwa nzima, haruhusiwi kukanyaga nchi kavu.

Niseme mapema upande ninaouegemea. Kwa mtu anayekwenda Alaska mara ya kwanza, anayejilipia mwenyewe na mwenye magoti mazima, ningemshauri Kenai Fjords. Glacier Bay inamfaa zaidi yule ambaye shabaha yake ni mlima wenyewe, au anayesafiri na wazazi wake wazee, au mwenye nafasi ya kupiga kambi siku kadhaa bila haraka.

Vilele

Katika suala la vilele hakuna ushindani wa kweli. Glacier Bay inamiliki sehemu kubwa ya safu ya Fairweather, na kilele chake kikuu, Mlima Fairweather, kina urefu wa mita 4,671. Msomaji aliyezoea kutaja Kilimanjaro na mita zake 5,895, au Mlima Kenya na mita zake 5,199, anaweza kuiona namba hiyo kuwa ya kawaida; lakini urefu wa ramani huhesabiwa kutoka usawa wa bahari, ilhali jicho huhesabu kutoka pale mtu aliposimama. Anayeitazama Kilimanjaro akiwa Moshi tayari yuko juu ya bahari kwa mita 800 hivi, wakati anayeutazama Fairweather akiwa chomboni yuko kwenye sifuri yenyewe, na kilele hicho kiko umbali wa kilomita 20 hivi tu kutoka ufuo wa Bahari ya Pasifiki. Kwa hiyo kimo ambacho jicho linapaswa kukipanda katika milima hiyo miwili kinakaribiana sana. Tofauti iko kwenye weupe. Kilimanjaro, iliyo karibu na ikweta, imebaki na barafu kidogo kileleni tu, na hiyo nayo inapungua mwaka hadi mwaka. Fairweather iko karibu na nyuzi 59 kaskazini, na barafu ya safu yake hushuka kutoka milimani, ikapita mabondeni, ikaingia majini bila kukatika.

Nahodha James Cook aliupa mlima huo jina lake mwezi Mei 1778, siku ambayo bila shaka anga lilikuwa safi, kwa maana jina hilo linasifia hali njema ya hewa. Mgeni wa leo asilitegemee jina. Mawingu ya Pasifiki huikumba safu hiyo kwanza kabla ya kufika kwingine kokote, na wapo wanaomaliza safari nzima ya ghuba bila kuona chochote zaidi ya mapaja ya mlima. Watlingiti wa Huna, ambao ndio wenyeji wa eneo hilo, huuita Tsalxaan na huuhesabu kuwa mlima mtakatifu. Wa kwanza kufika kileleni, kwa kumbukumbu zilizoandikwa, walikuwa Allen Carpé na Terris Moore mwaka 1931, na hata sasa ni wachache wanaojaribu, kwa sababu dhoruba hudumu siku nyingi mfululizo na hakuna njia iliyotengenezwa. Huu ni mlima wa kutazamwa, wala si wa kupandwa na mtalii mwenye buti za kukodi kama ilivyo kwenye njia ya Marangu.

Milima hiyo ni mirefu kwa sababu iko kwenye ufa mkubwa wa ardhi, ambapo mabamba mawili ya gamba la dunia yanasuguana na kusukumana. Nguvu hiyo ilijidhihirisha Julai 1958, pale tetemeko lilipoangusha sehemu ya mlima ndani ya Ghuba ya Lituya, iliyo upande wa nje wa hifadhi hiyohiyo, na maji yakapanda ukingo wa pili hadi mita 524, yakinyoa msitu wote uliokuwa njiani. Hakuna wimbi jingine lililowahi kuthibitishwa kufika kimo hicho. Watalii wa kawaida hawafikishwi Lituya, ila inafaa kujua kwamba uzuri wa vilele vile na hatari ya mahali pale vina chanzo kimoja.

Kenai Fjords haina mlima wa kulinganisha na huo. Vilele vyake haviendi mbali zaidi ya mita 2,000, na vingi havina hata jina linalofahamika na wageni. Kinachovipa mvuto ni jinsi vinavyoonekana: uwanda mpana wa barafu uitwao Harding, wenye eneo la takriban kilomita za mraba 1,800, yaani mkubwa kidogo kuliko kisiwa cha Unguja, umeifunika milima hiyo kiasi kwamba ncha za miamba pekee ndizo zinazochomoza juu ya weupe, kama visiwa wakati wa maji kujaa. Anayesimama pembezoni mwa uwanda huo haangalii juu kuutafuta mlima. Anaangalia mbele na kidogo chini, na milima iliyozama inampa picha ya jinsi sehemu kubwa ya kaskazini mwa dunia ilivyokuwa katika enzi za barafu. Binafsi naliona jambo hilo kuwa la nadra kuliko kilele kirefu, maana vilele virefu viko vingi duniani, lakini uwanda wa barafu unaofikika kwa miguu kutoka kwenye maegesho ya magari si jambo la kila nchi.

Tofauti nyingine haionekani kwa macho, ila inasaidia kuelewa kinachoonekana. Pwani ya Kenai inazama. Bamba la Pasifiki linapojipenyeza chini ya bara huivuta milima hiyo kuelekea baharini, na katika tetemeko kuu la Machi 1964, lenye ukubwa wa 9.2, sehemu za ufuo zilishuka kwa ghafla zaidi ya mita moja. Mabonde ambayo zamani yalichongwa na barafu juu ya nchi kavu sasa ni hori zenye kina kirefu, na mabakuli ya mviringo yaliyokuwa ubavuni mwa milima yamekuwa vighuba vya duara. Kando ya Glacier Bay, ardhi inapanda. Ilibanwa na uzito wa barafu kwa karne kadhaa, na baada ya mzigo huo kuondoka inainuka kwa kiasi cha sentimita tatu hivi kila mwaka karibu na kijiji cha Gustavus, ambako wazee wameshuhudia sehemu zilizokuwa za maji kupwa na kujaa zikigeuka kuwa mbuga za nyasi.

Barafu

Kwa ukubwa, Glacier Bay inaizidi mwenzake kwa mbali. Ina takriban kilomita za mraba 13,300, yaani haipungukiwi sana na Serengeti, na mito yake ya barafu, yaani barafu nene inayoteremka polepole kutoka milimani, huhesabiwa kwa zaidi ya elfu moja, mikubwa na midogo. Kenai Fjords ina kilomita za mraba 2,700 hivi, na kutoka kwenye Uwanda wa Harding hutoka mito ya barafu inayokaribia arobaini. Hata hivyo, namba hizo zisimtishe anayechagua, kwa kuwa mgeni haoni elfu moja wala arobaini. Ataona mitatu, minne, labda mitano, na swali la maana ni namna atakavyoiona.

Katika Glacier Bay, kituo ambacho karibu kila chombo hukilenga ni mwisho wa hori ya Tarr, ambapo Margerie huishia baharini. Mto huo wa barafu una urefu wa kilomita 34 hivi, na uso wake unaotazama maji una upana wa zaidi ya kilomita moja na nusu na kimo cha mita 70 na ushee. Barafu iliyogandamana kwa muda mrefu hufyonza mwanga mwekundu na kuuachia ule wa buluu, ndiyo maana nyufa zake huonekana kama zimewashwa taa ndani. Pembeni yake tu uko mto mwingine, Grand Pacific, ambao umefunikwa na kifusi cha mawe na udongo hata mgeni asiyeelekezwa hudhani ni kilima cheusi cha kawaida. Kuiona miwili hiyo ikiwa imekaa ubavu kwa ubavu ni somo tosha la jinsi mto wa barafu unavyobeba mlima kipande kwa kipande. Kipande kinapomeguka, jicho huona kwanza kikiporomoka kimyakimya, kisha mlio mzito kama wa radi hufuata baada ya sekunde kadhaa, kwa sababu chombo husimama mbali kwa ajili ya usalama. Kisha mawimbi hufika na kuvitikisa vipande vilivyotapakaa majini.

Kenai Fjords nayo ina mito inayoishia baharini, na maarufu zaidi ni Holgate na Aialik, ambayo boti za kutwa kutoka Seward huifikia. Nyuso zake ni ndogo kuliko ya Margerie, lakini boti zenyewe nazo ni ndogo, zinakaa karibu na maji, na mtu husikia hata mchakarisho wa vibarafu vinavyogongana kwenye ubavu wa boti, tofauti na abiria wa meli kubwa anayetazama kutoka ghorofa ya kumi. Kwa anayependa safari ndefu zaidi, baadhi ya boti huenda hadi hori ya Northwestern, ambako milima mikali imeizunguka barafu pande zote na vyombo ni vichache.

Kisha kuna mto wa barafu wa Exit, na hapa ndipo Kenai Fjords inapopata ushindi wake. Hii ndiyo sehemu pekee ya hifadhi inayofikika kwa barabara, kilomita zisizozidi 20 kutoka Seward. Kando ya barabara na kando ya njia za miguu vimesimikwa vibao vyenye miaka, kuanzia 1815, vikionyesha ncha ya barafu ilipokuwa. Mtu hupita kwanza katikati ya miti mirefu, kisha vichaka, kisha changarawe tupu, na kila kibao kinamweleza kwamba pale aliposimama palikuwa na barafu wakati fulani ambao babu yake, au baba yake, au yeye mwenyewe, alikuwa hai. Barack Obama alipita njia hiyo Septemba 2015 akiwa rais, akizungumzia mabadiliko ya tabianchi, na wakati huo ncha ya barafu ilikuwa imerudi nyuma kwa takriban kilomita mbili tangu 1815. Imeendelea kurudi, hivyo mgeni wa leo asitarajie kuigusa. Ataitazama kutoka kwenye kituo cha juu, ikiwa imejibanza kwenye mwamba.

Aliye na nguvu hataishia hapo. Njia ya kupanda hadi ukingoni mwa Uwanda wa Harding huanzia palepale, ina kilomita zipatazo 14 kwenda na kurudi, na hupanda zaidi ya mita 1,000. Ni kazi ya siku nzima kwa mtu wa kawaida. Theluji huwapo sehemu za juu hadi Julai, na dubu weusi huonekana mara kwa mara kwenye vichaka vya chini, kwa hiyo watu hutembea wakizungumza kwa sauti. Wanaoishiwa pumzi wanaweza kugeuzia njiani, kwenye uwanja wa maua au juu ya majabali, na bado wakawa wameuona mto wa barafu kwa chini yao, jambo ambalo Glacier Bay haiwezi kumpa mtu bila ndege au siku nyingi za kujitegemea nyikani.

Anayekwenda hasa kujifunza kuhusu kuyeyuka kwa barafu ajue pia kwamba Exit husema jambo hilo kwa uwazi kuliko Glacier Bay. Wakati msafara wa baharia Mwingereza George Vancouver ulipopita mwaka 1794, Glacier Bay ilikuwa kighuba kifupi tu mbele ya ukuta mkubwa wa barafu. Mwanaasili John Muir alipofika mwaka 1879, barafu ilikuwa imerudi nyuma zaidi ya kilomita 60. Na kufikia 1916 ilikuwa imefika mwisho wa hori ya Tarr, karibu kilomita 100 kutoka mdomoni. Kabla ya hapo, katika karne ya 18, barafu hiyohiyo ilikuwa imesonga mbele na kuwafukuza Watlingiti kutoka vijijini mwao. Barafu inayoishia baharini huongozwa na kina cha maji na kingo za kifusi zilizo mbele yake pamoja na joto la hewa, ndiyo maana mto wa Johns Hopkins, ndani ya ghuba hiyohiyo, uliendelea kusonga mbele kwa miongo mingi wakati jirani zake wakirudi nyuma. Historia hiyo inasisimua, lakini asiyeelezwa vizuri anaweza kuisoma kinyume.

Kufika na kuzunguka

Kenai Fjords inafikika kwa njia rahisi. Kutoka Anchorage hadi Seward ni kilomita 200 hivi kwa barabara nzuri inayofuata bahari na kukata milima, na wakati wa kiangazi treni hufanya safari hiyo kwa muda wa saa nne hivi. Mtu anaweza kutua Anchorage jioni, akaenda Seward kesho yake, akapanda boti siku ya pili na kupanda mlima siku ya tatu. Hoteli, maduka na viwanja vya kambi viko mjini, na ushindani wa kampuni za boti humpa mnunuzi nafasi ya kuchagua.

Gustavus, kijiji ambacho ndicho mlango wa Glacier Bay, hakijaunganishwa kwa barabara na mji wowote. Hufikiwa kwa ndege kutoka Juneau au kwa feri, na barabara yake ya kuingia hifadhini, hadi Bartlett Cove, ina kilomita 16 tu. Hapo ipo nyumba moja ya wageni, uwanja wa kambi usiolipiwa, na nyumba ya kikabila ya Watlingiti wa Huna iliyozinduliwa mwaka 2016, ambayo nguzo na michoro yake peke yake inastahili asubuhi nzima. Kutoka Bartlett Cove boti ya kutwa huenda hadi kwenye barafu na kurudi, mwendo wa takriban kilomita 200 unaochukua muda wa saa nane, na njiani huwashusha wapiga makasia wa kayaki wanaotaka kubaki nyikani. Hao hulazimika kuhudhuria maelekezo ya usalama na kubeba chakula kwenye vyombo ambavyo dubu hawezi kuvifungua.

Wengi, hata hivyo, huingia Glacier Bay kwa meli kubwa ya kitalii. Idadi ya meli hizo imewekewa ukomo wa mbili kwa siku, askari wa hifadhi hupanda melini na kutoa maelezo kwa kipaza sauti, na meli hukaa kitambo mbele ya Margerie ikijigeuza polepole ili pande zote zione. Hazimshushi abiria hata mmoja ndani ya hifadhi, na haziruhusiwi kuingia hori ya Johns Hopkins hadi Septemba, kwa sababu sili huzalia na kulelea watoto wao juu ya vipande vya barafu. Kwa mzee mwenye fimbo, au mtu wa kiti cha magurudumu, sioni njia bora kuliko hiyo: ataona mlima, barafu na nyangumi bila kupanda ngazi ya mawe.

Jambo moja ambalo matangazo ya safari hulipitia haraka ni bahari yenyewe. Maji ya Glacier Bay yamekingwa na nchi kavu na kwa kawaida hutulia, ilhali boti ya Seward, ili ifike Aialik au Holgate, hulazimika kutoka kwenye ghuba na kuzunguka rasi inayopigwa moja kwa moja na mawimbi ya Ghuba ya Alaska. Hata mtu aliyezoea boti za Unguja anaweza kuchafukwa na tumbo hapo. Dawa ya kichefuchefu imezwe kabla ya kuondoka, maana baada ya tumbo kuanza haisaidii sana. Asiyejiamini achague safari fupi inayobaki ndani ya ghuba ya Resurrection, akijua kwamba haitamfikisha kwenye barafu inayoangukia baharini.

Mvua iko kote kuwili, na mwezi wa Septemba ndio hulowesha zaidi. Mei na Juni huwa na siku kavu nyingi kuliko Agosti, hivyo anayekwenda kwa ajili ya kilele cha Fairweather aelekee mapema, na anayekwenda kwa ajili ya njia ya Harding asubiri hadi katikati ya Julai theluji ipungue. Nyangumi wenye nundu huwa Glacier Bay majira yote ya kiangazi, wakitokea Hawaii walikokaa wakati wa baridi; Seward kuna uwezekano pia wa kuona nyangumi wauaji na simba wa baharini wakiwa wamejilaza kwenye miamba.

Karatasi za safari

Kwa Watanzania, Wakenya na wengine ambao pasi zao zinahitaji viza, suala hili linaweza kuamua kabla ya mlima wala barafu. Meli nyingi kubwa zimesajiliwa nje ya Marekani, na sheria ya Marekani ya mwaka 1886 huzilazimisha, zinapotoka Seattle na kurudi Seattle, kutia nanga katika bandari ya nchi nyingine, ambayo kwa kawaida huwa ya Kanada. Nyingine huanzia Vancouver, mji wa Kanada, moja kwa moja. Kwa hiyo msafiri mwenye viza ya Marekani pekee anaweza kukataliwa kupanda, na mwenye viza ya kuingia mara moja anaweza kukwama asipate kurudi. Mwenye ukaazi wa kudumu wa Marekani haombi viza ya Kanada, lakini lazima awe na pasi yake na kadi yake mkononi. Safari ya Seward kwa ndege ya ndani kupitia Anchorage, na ile ya Gustavus kwa ndege kupitia Juneau, haziugusi mpaka huo hata kidogo, mradi ndege yenyewe isiwe imepangwa kupitia uwanja wa Kanada. Ratiba isomwe mstari kwa mstari kabla ya kulipia.